Seli za Fahamu Zinapokufa: Somo kwa Wanaowahudumia Wazee Wetu



Mfikirieni mzee mmoja, katekista wa kigango kimojawapo kati ya Karatu mjini na Mang'ola. Kwa miaka 30 ameandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza, ameongoza ibada ya Jumapili padre asipofika, na amezika wafu wa kijiji. Sasa ni mwaka wa pili mkono wake wa kulia unatetemeka akiwa ameketi tu. Hatua zake zimekuwa fupi. Uso wake hauonyeshi tena furaha wala hasira. Mwandiko wake katika daftari la kigango umepungua ukubwa hadi hausomeki.

Wapo wanaosema anakunywa kwa siri. Wapo wanaosema amerogwa na jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Mwanawe anasema, "Baba amezeeka tu." Viongozi wa kigango wanampunguzia kazi moja baada ya nyingine bila kumweleza sababu, naye anakaa kimya. Hakuna aliyefikiria kumpeleka hospitali.

Mzee huyu tumemtunga kwa ajili ya somo, lakini kila mmoja wetu anaweza kumpa jina. Inawezekana kabisa kwamba anaugua ugonjwa wa Parkinson, mojawapo ya magonjwa yanayoharibu ubongo taratibu kwa sababu seli za fahamu zinakufa. Katika somo hili tutajiuliza maswali matatu. Kwa nini seli hizo hufa? Je, kifo chake kinaweza kuzuiwa? Na sisi, mapadre wa kesho na waamini wa leo, tunadaiwa nini?

Seli isiyopata mbadala

Ngozi ikichubuka, seli mpya huzaliwa na jeraha hufunga. Damu nayo hujitengeneza upya kila siku. Seli za fahamu, ambazo vitabu vya baiolojia huziita niuroni, hazifuati utaratibu huo. Ubongo wa mtu mzima una niuroni zipatazo bilioni 86, na karibu zote ni zile zile tulizozaliwa nazo. Niuroni iliyokusaidia kujifunza Baba Yetu ukiwa mtoto ndiyo hiyo hiyo unayoitegemea ukiwa na miaka 80. Ikifa, kwa kawaida haipati mbadala.

Seli hizi zina gharama kubwa. Ubongo ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kiasi cha asilimia 20 ya oksijeni inayotumiwa na mwili. Ndiyo maana hauvumilii njaa wala ukosefu wa hewa hata kwa dakika chache.

Katika ugonjwa wa Parkinson, zinazokufa zaidi ni seli za eneo dogo lenye rangi nyeusi chini ya ubongo. Kazi yake ni kutengeneza kemikali iitwayo dopamini, inayouwezesha ubongo kuanzisha na kulainisha mwendo. Daktari James Parkinson wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817. Jambo la kukumbuka ni kwamba mgonjwa haanzi kutetemeka siku seli ya kwanza inapokufa. Ubongo hujikaza na kufidia kwa miaka mingi, na dalili hujitokeza wakati sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kupotea.

Katika ugonjwa uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906, seli za kumbukumbu ndizo zinazotangulia. Bibi anasahau jambo la asubuhi huku akikumbuka vizuri mwaka wa njaa alipokuwa msichana. Baadaye anapotea njia ya kwenda kisimani, na mwishowe hamtambui mwanawe.

Magonjwa haya yapo kwetu. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu wapatao 161,000, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Walipata watu 33 wenye Parkinson, na wengi kati yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Katika wilaya hiyo hiyo, utafiti mwingine uliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ukakuta kwamba takribani 6 kati ya kila 100 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili. Hai si mbali na Karatu, na wazee wa Hai hawana tofauti kubwa na wazee wetu.

Seli hufa kwa njia gani?

Kuna kifo cha seli kilicho chema. Mtoto anapoumbwa tumboni, seli nyingi huzaliwa kuliko zinazohitajika, na zile za ziada hujiondoa zenyewe kwa utaratibu, kama fundi anayeondoa jukwaa la miti nyumba ikishakamilika. Mwaka 1972 wanasayansi waliuita utaratibu huo apoptosisi. Mwaka 2002 Tuzo ya Nobel ilitolewa kwa Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston, ambao kwa kuchunguza mnyoo mdogo sana waligundua jeni zinazoamuru seli ife au iishi. Ubaya huja pale amri hiyo inapotolewa kwa seli ambayo bado inahitajika.

Amri hiyo husababishwa na mambo kadhaa, na mara nyingi hufuatana. La kwanza ni takataka. Ndani ya seli zimo protini ambazo zikikunjika vibaya hushikamana na kuwa mabonge. Seli changa husafisha, seli iliyochoka huzidiwa. Mabonge hayo huonekana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer na wa Parkinson.

La pili ni kuharibika kwa mitokondria, yaani vinu vidogo vinavyoipatia seli nguvu. Mwaka 1982, huko California, vijana kadhaa walijidunga dawa ya kulevya iliyotengenezwa vibaya. Kwa muda wa siku chache wakakakamaa kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake waligundua kwamba dawa ile ilikuwa na sumu iitwayo MPTP, inayoua vinu hivyo ndani ya seli za dopamini. Tangu hapo ikajulikana kwamba kemikali kutoka nje inaweza kuleta hali inayofanana na Parkinson.

La tatu ni kelele. Seli za fahamu huzungumza kwa kemikali, na mojawapo ni glutamati. Ikiwa kidogo, ni ujumbe. Ikimwagika nyingi, kama inavyotokea katika kiharusi au kifafa kisichokoma, hufungua milango ya seli, kalisi huingia bila kipimo, na seli hufa kwa kuchochewa kupita kiasi.

Tiba imefika wapi?

Hapa tunapaswa kusema kweli, kwa sababu tumaini lililojengwa juu ya uongo humuumiza mgonjwa mara mbili.

Kwa Parkinson ipo dawa nzuri, levodopa, inayotumika tangu miaka ya 1960. Ubongo huigeuza kuwa dopamini, na mtu aliyeshindwa kuinuka kitini anaweza kutembea tena. Lakini levodopa inafidia kile ambacho seli zilizokufa hazitengenezi tena. Haizuii seli nyingine kufa. Watafiti wamejaribu dawa nyingi kwa lengo la kuzuia kifo chenyewe. Kretini, koenzaimu Q10 na isradipini, kwa mfano, zilionekana kuahidi mengi maabara, lakini zilipojaribiwa kwa wagonjwa kwa uangalifu hazikuchelewesha ugonjwa. Kwa kiharusi, tiba zaidi ya 1,000 za kulinda seli zilijaribiwa maabara, na karibu zote hazikumsaidia binadamu. Panya aliyepewa dawa kabla ya kuumizwa si sawa na bibi anayefika hospitali siku mbili baada ya kuanguka.

Kwa Alzheimer, mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo lecanemab, inayosafisha mabonge ya protini. Katika majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27. Haikusimamisha ugonjwa. Katika majaribio hayo ilitolewa kwa njia ya mshipa kila baada ya wiki mbili, mgonjwa akipigwa picha za ubongo mara kwa mara kwa sababu inaweza kusababisha uvimbe au kutoka damu ubongoni. Kwa mgonjwa wa Endulen au Nainokanoka, dawa ya namna hiyo bado iko mbali sana.

Hata hivyo kuna habari njema moja inayoonyesha kwamba kifo cha seli za fahamu si lazima kishinde. Kuna ugonjwa wa kurithi unaoua seli zinazoendesha misuli ya watoto wachanga. Zamani wengi wenye aina kali walikufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mwaka 2016 iliidhinishwa dawa ya nusinersen, na watoto waliopewa dawa hiyo mapema, kabla dalili hazijaanza, wengi wao wamekua na kutembea. Wale waliopewa baadaye walipata nafuu ndogo. Dawa ilikuwa moja. Tofauti ililetwa na muda. Seli iliyo hai inaweza kuokolewa, iliyokufa haiwezi. Tulishike jambo hilo, kwa maana ndilo litakalotuongoza katika sehemu zinazofuata.

Seli shina na dhamiri ya Mkristo

Waseminari mtaulizwa swali hili: kama seli hazirudi, kwa nini tusipandikize nyingine? Wanasayansi wanajaribu. Seli shina ni seli ambazo bado hazijachagua kazi, na zinaweza kulelewa hadi ziwe seli za dopamini. Swali la maadili ni zinatoka wapi.

Kanisa halikatai seli shina kwa ujumla. Hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008 inafundisha kwamba ni halali kuzichukua kwa mtu mzima, au katika damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa, ikiwa mtoaji hadhuriki. Kinachokataliwa ni kumwua kiinitete, yaani binadamu katika siku zake za kwanza, ili kupata seli hizo. Hatuwezi kumponya babu kwa gharama ya uhai wa mjukuu.

Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya aliyekomaa inaweza kurudishwa katika hali ya ujana na kufanywa seli shina. Mwaka uliofuata ikafanyika kwa seli za binadamu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Huko Kyoto, tangu mwaka 2018, wagonjwa wachache wa Parkinson wamepandikizwa seli zilizotengenezwa kwa njia hiyo. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2025, yanatia moyo kuhusu usalama, ingawa bado si tiba ya kawaida. Mnapofundisha, msiwape watu picha kwamba Kanisa linasimama njiani kuzuia tiba. Njia isiyoua ipo, na inasonga mbele.

Yaliyo mikononi mwetu

Ikiwa seli huokolewa kabla ya kufa, basi kazi kubwa inafanyika nyumbani, shambani na kwenye zahanati kabla ya kufika kwa daktari bingwa. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilieleza kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa endapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Nitataja yale yanayogusa zaidi maisha yetu, nikiongeza machache ya hapa kwetu.

Presha. Mshipa mkubwa wa ubongo unapoziba, seli zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hufaa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya ubongo. Kutoka vijiji vya juu Ngorongoro hadi penye mashine ya picha ni saa kadhaa kwa gari, kama gari limepatikana. Kwa hiyo wokovu wa seli hizo uko kabla ya kiharusi. Kipimo cha presha hakiumi na huchukua dakika chache, na dawa za kuanzia si za gharama kubwa. Mwenye presha anywe dawa kila siku hata anapojisikia mzima, kwa sababu presha haina maumivu.

Sumu za shambani. Bonde la Eyasi linalisha miji kwa vitunguu, na vitunguu hivyo hupuliziwa dawa mara nyingi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba wakulima na wapuliziaji waliotumia parakwati au rotenoni walikuwa na uwezekano wa kupata Parkinson mara 2.5 hivi kuliko wasiotumia. Zote mbili zinaharibu seli kwa namna inayofanana na ile sumu ya California. Kijana anayebeba bomba mgongoni Mang'ola akiwa na kandambili na fulana anahitaji glovu, buti, barakoa na mikono mirefu. Asipulize dhidi ya upepo. Asile kabla ya kunawa. Na chupa tupu ya dawa isigeuzwe kamwe kuwa chombo cha maji ya kunywa.

Kifafa na mnyoo wa nguruwe. Katika hospitali ya Haydom, Mbulu, watafiti waliwapiga picha za ubongo wagonjwa 212 wa kifafa, na karibu asilimia 18 walionekana kuwa na vifuko vya mnyoo tegu ubongoni. Tuelewe njia yake. Kitimoto kisichoiva humpa mtu mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huo hutoka kwa choo cha mtu, na mwingine akiyameza kwa mikono michafu, maji au mboga, ndipo vifuko hujijenga ubongoni. Kwa hiyo anayezingatia kuipika nyama tu amefanya nusu ya kazi. Choo, sabuni na kufunga nguruwe bandani ndivyo nusu nyingine. Na mgonjwa wa kifafa asiachwe bila dawa, kwa kuwa kifafa kinachozidi dakika 5 bila kukoma ni dharura, na kikiendelea huua seli.

Kichwa. Bodaboda wa Karatu na abiria wake wavae kofia ngumu, iliyofungwa kidevuni. Pigo kubwa la kichwa leo huongeza uwezekano wa kupoteza kumbukumbu miaka mingi baadaye.

Masikio, macho na upweke. Hili huwashangaza wengi. Mzee asiyesikia hujitenga, na ubongo usiozungumzishwa hudhoofika haraka zaidi. Kumsafisha mzee masikio, kumtafutia miwani, kumpeleka kwenye Jumuiya Ndogondogo ya Kikristo hata kama hasikii kila neno, ni huruma na ni kinga pia.

Kwa aliyekwisha kuugua, msikimbilie kukata tamaa. Karatu tuna bahati ambayo wilaya nyingi hazina. Hospitali ya FAME, iliyoanza huduma mwaka 2008, imekuwa kwa miaka mingi ikipokea kwa awamu madaktari wa mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wanaofanya kazi pamoja na wenzao wa hapa. KCMC Moshi ni hospitali ya rufaa yenye uzoefu mrefu wa magonjwa haya. Yule katekista wetu akifika kwa daktari na kuanzishiwa levodopa, huenda akaandika tena jina la mtoto aliyebatizwa kwa herufi zinazosomeka. Familia ijue mambo mawili tu ya msingi: dawa inywewe kwa saa zilizopangwa, na isikatishwe ghafla bila daktari.

Foleni ya Samunge

Wengi wetu tunaikumbuka mwaka 2011. Kijiji cha Samunge, Loliondo, kilijaa magari kutoka kila kona ya nchi na nje ya nchi. Maelfu walisubiri kwa siku nyingi kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Silitaji hili ili kumcheka aliyepanga foleni. Wengi walikwenda kwa sababu waliambiwa na dunia kwamba ugonjwa wao hauna tiba, na hakuna aliyekaa nao baada ya kuwaambia hivyo.

Fundisho lipo upande wa pili. Mgonjwa wa presha au kifafa anayeacha vidonge kwa sababu ameamini kwamba amepona, seli zake hazijui kwamba ameamini. Wahudumu wa Kanisa tunapaswa kusema waziwazi: kuombewa na kumeza dawa havipingani. Mpako wa Wagonjwa hauchukui nafasi ya hospitali, wala hospitali haichukui nafasi ya Mpako. Anayemwombea mgonjwa huku akimwambia atupe vidonge anamjaribu Mungu kwa mwili wa mtu mwingine.

Na neno "amerogwa" litoke vinywani mwetu. Likitamkwa, mzee hapelekwi hospitali, jirani anachukiwa bila kosa, na miaka ambayo ingeokoa kitu inapotea.

Mgonjwa si jumla ya seli zake

Tuseme yote yamefanyika na bado ugonjwa unasonga mbele, kama unavyosonga mara nyingi. Je, seli zikipungua, mtu naye anapungua?

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 3, kinamwagiza mtoto amvumilie baba yake hata uwezo wa akili yake unapodhoofika, wala asimdharau kwa kuwa yeye mwenyewe bado ana nguvu. Mwandishi huyo wa kale hakujua niuroni, lakini aliwajua wazee. Na katika sura ya 21 ya Injili ya Yohane, Bwana anamtabiria Petro kwamba akizeeka atavikwa na mwingine na kupelekwa asikotaka. Maneno hayo yanafuatwa mara moja na mwito wa kumfuata. Kuvikwa na mwingine kumo ndani ya ufuasi.

Sisi tuliona mfano wake. Mtakatifu Yohane Paulo II alikuja Tanzania Septemba 1990 akiwa mwenye nguvu. Katika miaka yake ya mwisho dunia nzima ilimwona akitetemeka kwa Parkinson, sauti ikififia, mpaka alipofariki tarehe 2 Aprili 2005. Alikuwa ameandika juu ya mateso katika barua ya Salvifici Doloris mwaka 1984, na mwaka 1992 akaanzisha Siku ya Wagonjwa Duniani, inayoadhimishwa tarehe 11 Februari. Hakuficha mkono wake. Kwa wazee wengi wanaoona haya kupokea Komunyo mbele za watu kwa sababu ya kutetemeka, hilo peke yake ni mahubiri.

Basi waseminari, yashikeni mambo machache ya kichungaji. Mgonjwa wa Parkinson hushindwa kumeza vizuri. Mpe kipande kidogo sana cha Hostia, na pale inapolazimu, kanuni ya 925 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu Komunyo chini ya umbo la divai pekee. Mgonjwa aliyepoteza akili anaweza kupewa Mpako, maana kanuni ya 1006 inasema upewe mgonjwa ambaye alipokuwa na fahamu zake angalau kwa namna isiyo wazi aliuomba. Na bibi aliyesali rozari maisha yake yote ameuomba. Usimharakishe anapoungama. Uso wake usioonyesha hisia usikudanganye kwamba hana majuto; misuli ndiyo iliyokakamaa, moyo haukukakamaa. Imba naye nyimbo za zamani, kwa sababu mara nyingi nyimbo na sala za utotoni hubaki wakati majina ya watoto yamekwisha kuondoka. Na baada ya kumsalimia mgonjwa, mgeukie anayemtunza, ambaye mara nyingi ni binti au mkwe asiyelala usiku, umwulize naye hali yake.

Yule katekista wetu hahitaji kuvuliwa utumishi kimyakimya. Anaweza kuketi na kusimulia historia ya kigango kwa vijana wa Kipaimara, huku mwingine akiandika. Seli zilizokufa hatutazirudisha. Zilizobaki tuzilinde kwa presha iliyopimwa, glovu zilizovaliwa na dawa iliyonywewa kwa saa yake. Na mzee mwenyewe tumwache aendelee kuwa wetu hadi Bwana atakapomwita.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika jumuiya yetu ni nani anayetetemeka, anayesahau au anayeanguka ambaye hajawahi kufika hospitali? Nani atamsindikiza, na lini?

2. Ni wangapi kati yetu wenye zaidi ya miaka 40 ambao hawajapima presha mwaka huu? Tunaweza kumwomba mhudumu wa zahanati aje siku moja baada ya Misa?

3. Vijana wetu wanaopulizia mashamba wana vifaa gani vya kujikinga? Mwenye shamba anawajibika vipi mbele ya Mungu kwa afya yao?

4. Tumewahi kumwondoa mtu katika huduma kwa sababu ya ugonjwa bila kuzungumza naye? Tunaweza kurekebisha vipi?